Sahihi za Umuganda

Jumanne, katika ofisi moja ya vibali huko Remera, nilipanga foleni nyuma ya mama mjane aliyetoka kwenye mlima ambako mgodi mkubwa unafunguliwa. Ombi lake lilikuwa moja: kaburi la mumewe lihamishwe kabla mashine hazijafika.

Afisa, mtu mpole, alimgeuzia kompyuta. Siku hizi ofisi tano hupitia mradi kwa pamoja, kila moja na kisanduku chake cha idhini kwenye skrini, na vyote vilikuwa vya kijani.

"Mama, hapa iko sawa. Wakazi mulikubali."

"Tulikubali lini?"

Akafungua orodha ya sahihi. Mama akaweka kidole kwenye jina lake.

"Hii ni ya umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwezi. Tulizibua mtaro, tukasaini kwamba tumefika. Soma hapo juu."

Afisa akasoma hapo juu. Akasoma tena.

"Lakini iko na sahihi yako, mama."

"Iko. Na jembe nilikuwa nalo."

Kwa miaka tumelalamika kwamba ofisi zetu haziongei. Sasa zimeongea, na kila moja iliamini kwamba nyingine ndiyo iliyosoma karatasi.

Afisa akashusha sauti: mashine zilipanda mlima jana. Malalamiko yanapokelewa, ila kwanza mama asaini kitabu cha wageni, kuonyesha kwamba amefika na amehudumiwa.

Mama aliitazama kalamu, akaficha mikono ndani ya kitenge chake, akatoka. Zamu yangu ilipofika, nilisaini kitabu hicho bila kusoma.