Saa ya Uswisi na Cherehani ya Dada

Nyumba yetu ya mtaa wa Mbotela ilinuka mafuta ya cherehani na kitambaa kipya, na jua la alasiri lilipopiga dirishani harufu hiyo ilizidi mpaka ungeionja ulimini. Dada yangu mkubwa, Nafula, alikuwa mshonaji. Baba alifanya kazi ya reli na mara nyingi alikuwa safarini, kwa hiyo mkate, sukari ya chai na sare zangu za shule vilitoka kwenye ile cherehani nyeusi ya kukanyaga. Mimi nilikuwa mtoto wa haya, wa kujibanza nyuma ya pazia wageni wakija, na muungurumo wa cherehani ulinituliza.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini Nafula aliposwa na Wekesa, karani wa kaunsili ya jiji. Marafiki wa Wekesa walivaa saa za bei, na Nafula hakutaka mchumba wake asimame kanisani mkono mtupu. Ndipo akaja Njoroge, mchuuzi wa Kariobangi, na saa ya dhahabu iliyofungwa kwenye leso. Hakutaka pesa. Alitaka cherehani.

"Imetoka Uswisi moja kwa moja, sister," alisema. "Hata mkanda haujaguswa na mtu."

Mtaani kwetu siku hizo tuliamini kwamba saa ya kweli hujulikana kwa maji. Mama akaleta beseni. Njoroge akaitumbukiza saa mwenyewe huku akicheka, akaitoa, akampa Mama aisikilize. Ilikuwa ikipiga vilevile. Mama akapiga vigelegele hadi majirani wakachungulia, na Njoroge akainamia cherehani kutafuta pa kuishika. Nilitaka kusema isiende, lakini nikazidi kujibanza nyuma ya pazia.

"Ngoja kwanza," Nafula akasema. "Mimi nguo ikiletwa siangalii mbele. Naigeuza."

"Hii si nguo, sister."

"Wewe nipe tu."

Akaipeleka mlangoni kwenye mwanga, akaanza na upande wa ndani wa mkanda. Mishono ilikuwa mipana huku, myembamba kule, na ncha za uzi wa nailoni zilikuwa zimeyeyushwa kwa moto zikawa vidonge vyeusi, vile mafundi wetu wa viatu walivyofanya.

"Njoroge, huko Uswisi pia wanachoma uzi na kiberiti?"

"Aa, mkanda ulibadilishwa tu."

"Si umesema haujaguswa?"

Njoroge akajipangusa paji la uso. Nafula akapitisha kidole mgongoni mwa saa, na ukingo ukamkwaruza. Pembeni dhahabu ilikuwa imeambuka, na chini yake palikuwa na bati jeupe. Mwisho akaitazama usoni. Herufi za jina la watengenezaji zilianza kwa nafasi nzuri, kisha zikasongamana, kama kitambaa cha meza ambacho mshonaji ameanza KARIBU kwa madaha, akakuta hana pa kuweka U.

"Chukua saa yako, kaka."

"Wanawake wa Mbotela, nyinyi ni shida!" Njoroge alisema, lakini leso ilikuwa tayari inarudi mfukoni.

Mama alibaki ameshika beseni. "Na vile nimepiga vigelegele," akanong'ona, na sote tukacheka mpaka maji yakamwagika.

Wekesa aliposimuliwa kwamba cherehani nusura ibadilishwe na saa, alitikisa kichwa. "Sasa tungekula saa?" akauliza. Alioa mkono mtupu, ndani ya koti aliloshonewa na Nafula, na sikusikia mtu yeyote kanisani akiuliza saa ngapi.

Siku hizi naishi mtaa wa Fedha. Wapwa zangu hunionyesha saa kwenye simu, zinang'aa ajabu. "Aunty, hii ni orijino?" Nawaambia sijui, picha zote zimepigwa kwa mbele. Nawashauri waombe kuishika mkononi kwanza, waigeuze. Wananicheka: eti siku hizi unalipa kwanza, kisha inaletwa na mtu wa pikipiki asiyejua amebeba nini. Labda ni sawa, maana wana vitu vingi kuliko tulivyowahi kuota, na siwaonei wivu. Sisi tulikuwa na vichache. Lakini aliyetaka kutuuzia kitu ilimbidi aingie ndani, akalie kiti chetu, na angoje huku tukimtazama.