Komeo la Toroli Ndogo

Mume wangu, Mzee Andendekisye, alikuwa seremala mzuri pale Mbalizi, ila moyo wake ulikuwa kwenye toroli za kuchezea. Zamani watoto wa Wazungu wa migodi ya Chunya walikuwa nazo, kila moja ndogo kama kiatu, mfano halisi wa zile zilizobeba mawe ya dhahabu. Wenyewe walipoondoka, vipande vikatapakaa, na mume wangu akavikusanya miaka kumi, akiunda toroli upya. Mwanetu Gideoni, dereva wa lori, akikuta gurudumu sokoni Iringa alimletea. Mzee aliligeuzageuza, akalinusa, akasema, “Hili ni la kabla ya vita. Ona matundu yake manne.” Mimi niliona kutu tu.

Mwaka 1956 ilibaki toroli moja iliyomshinda. Ukiisukuma, ndoo yake inalala upande. Na mzee alikuwa na kipande kimoja cha shaba, kimepinda, asichojua pa kukiweka. Akaamua kuwa ni ndoano ya kuvutia, na kwa kuwa hakikuingia tunduni, akachukua tupa akipunguze. Akikosea, basi, kingine hakupata kukiona popote, alisema mwenyewe. Lakini ubishi wake, ee!

Siku hiyo alikaa uani mbele ya jiko, na ndani alikuwamo Yudith, mke wa Gideoni, hana pa kutokea. Kwetu Wanyakyusa mke wa mtoto hamwangalii baba mkwe, wala hamsemeshi. Mchungaji alikemea weee, wazee wakaitikia amina na kuendelea vilevile. Miaka miwili Yudith akisikia tu kikohozi cha mzee, huyoo, migombani. Na baba mzazi wa Yudith alisukuma toroli za kweli kule Makongolosi maisha yake yote.

Kumbe alikuwa akiichungulia ile toroli upenyoni mwa mlango. Tupa ilipogusa shaba, sauti ikapasuka jikoni: “Usikate, tata! Hilo ni komeo! Linakaa ubavuni, linashika ndoo!”

Kamwita tata, yaani baba! Nikajiziba mdomo. Yudith akaanza kulia mle ndani, nami nikaogopa kweli, maana kwa kosa hilo wazee wangeweza kumrudisha kwao.

Mzee akaweka tupa chini. Akakaa akiupa mgongo mlango wa jiko, akaisogeza toroli na kile kipande nyuma yake, taratibu, mpaka kizingitini. Mkono ukatoka, ukavichukua. Tukasikia tik. Punde toroli ikarudi mbio, ndoo imesimama wima, ikamgonga kisigino.

Mzee akacheka mpaka machozi yakamtoka. “Mama Gideoni,” akaniambia, “miaka kumi natafuta mtu wa kuongea naye mambo haya, kumbe ananipikia ugali!”

Kisha akageuka, akautazama mlango waziwazi.

“Yudith, toka, mwanangu. Kuna sanduku zima hujaliona.”

Akatoka, mikono imejaa unga. Ugali ukaungua, nami siku hiyo sikugomba.