Mkono wa Mikidadi Uliozikwa Msamvu

Mikidadi wa Mkuyuni alikuwa na mikono miwili: mmoja unalima, mwingine umezikwa. Huo uliozikwa ndio uliomsumbua. Enzi za Mdachi, reli ilipokuwa ikipanda kutoka pwani kuja Morogoro, alikwenda kubeba vyuma, na chuma kimoja kikamwangukia. Daktari wa reli aliukata mkono wa kulia juu ya kiwiko. Wenzake wakaufukia kando ya njia pale Msamvu, haraka haraka, maana msimamizi alikuwa anawaita kazini.

Akarudi mlimani. Huko ukungu hushuka asubuhi mpaka kwenye migomba, ukakaa humo kama mgeni asiyeaga. Na ndani ya ukungu huo, Mikidadi akiwa ameketi barazani, mkono ulirudi. Hakuuona, ila aliuhisi wote, kiwiko, kiganja na vidole, navyo vimekunjwa ngumi, kucha zinachoma nyama. Aliuambia ufunguke, wapi! Mkono usiokuwepo uume kuliko uliopo, nani atakuamini?

Mwanaasha, mkewe, alimwamini. Kilichomshinda ni jambo la pili. Masika iliyofuata alijifungua binti, Asia, na Mikidadi hakumgusa. Kila mtoto alipoletwa, ule mkono uliinuka wenyewe kumpokea, naye akarudi nyuma kwa hofu. Mkono uliolala kaburini umshike mtoto mchanga? Si utamvuta huko huko!

"Basi mshike na huo wa kushoto," Mwanaasha alimsihi.

"Siwezi. Mmoja ukishika, na mwenzake unafuata."

"Baba gani wewe! Mtoto wa watu ana kosa gani?" Akalia waziwazi. Mikidadi aliona aibu, tena aibu kubwa, na bado hakumshika.

Kwa Waluguru mtu ni wa kwa mama yake, akiwa hai na akifa, na shauri la namna hii ni la mjomba. Mjomba Dadi alimsikiliza mpaka mwisho huku akinusa ugoro wake.

"Shida yako naijua, mjomba," alisema. "Waliuzika ugenini, tena umekunja ngumi. Unategemea utulie? Twende tukaufungue."

Wakashuka Msamvu wakachimba mchana kweupe, gari moshi likipita na watu wakichungulia madirishani kuwashangaa. Kweli, mifupa ya vidole ilikuwa imekunjamana. Mjomba Dadi aliinyoosha mmoja mmoja, kwa upole, akaifunga sanda, wakaipandisha mlimani na kuizika kando ya kaburi la mama yake Mikidadi. Dua ikasomwa. Mikidadi akaketi barazani kusubiri, na ngumi ikabaki vile vile.

"Mimi nimenyoosha mikono," alisema Mjomba Dadi. "Hata maiti mzima hasumbui hivi!"

Siku ya gulio akapita Veronika, mama aliyekuwa akiosha vidonda misheni ya Matombo. Alikibonyeza kigutu, Mikidadi akaruka: vidole vyake vya Msamvu viliwaka moto!

"Umeona?" alisema Veronika. "Humu mna mishipa ya fahamu, myembamba kama nyuzi. Inatoka vidoleni, inapita begani, inaingia uti wa mgongo mpaka kichwani. Kazi yake kupeleka habari: moto, baridi, mwiba. Vidole vimekwenda, lakini uzi uliobaki hapa bado unanong'ona, na kichwa kinadhani ni vidole vinasema. Kichwa chako, kaka, hakijapelekewa habari za msiba."

"Kwa hiyo si maiti?"

"Maiti gani! Ni wewe mwenyewe."

Maneno hayo aliyabeba shambani, akayageuza na kuyageuza. Yalimtuliza kidogo. Lakini hofu haitoki kwa maneno, na Asia akaanza kutambaa bila kujua kifua cha baba yake.

Mchana mmoja wa ukungu Mwanaasha alikwenda mtoni, akamwacha mtoto amelala ndani. Mikidadi naye alikuwa amejinyoosha mkekani barazani, nusu macho, nusu ndoto. Asia aliamka, akatambaa mpaka nje, akamkwea baba yake, akamwekea kiganja kwenye shavu la kulia.

Mikidadi hakuthubutu kupumua. Vile vidole vidogo alivihisi shavuni, na papo hapo akavihisi pengine: ndani ya kiganja kisichokuwepo. Wanaojua mwili husema kwamba kichwani shavu na mkono ni majirani, na mmoja akihama, mwenzake husogeza mkeka wake kule. Mikidadi hakuyajua hayo. Alijua tu kwamba kidole kimoja kimelegea, kisha cha pili, na ngumi nzima ikafunguka. Raha ilimpanda mpaka machozi yakamtoka.

Mwanaasha aliporudi na mtungi kichwani alimkuta mtoto kifuani mwa baba yake, mkono wa kushoto umemkumbatia.

"Amenishika mkono," Mikidadi alisema.

"Upi?"

"Wa kulia."

Mwanaasha akatua mtungi taratibu, akaja kuketi upande ule wa kulia, akaacha nafasi kidogo ya mkono.