Gunia la Kumaliza Mapema

Nilipofeli kidato cha nne, tena kwa utulivu mkubwa, nilidhani sasa nitaachwa nikae nyumbani Kasansa, kazi pekee niliyokuwa na kipaji nayo. Baba akaona vingine. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, na kule Mpanda mjini, Misunkumilo, mama mmoja alikuwa amefungua darasa la ushonaji. Ada alipokea chochote. Wafugaji walipeleka ng'ombe, akawauza akanunua vyerehani. Sisi wakulima tulipeleka mpunga, na huo ndio uliotulisha wote, mchana na jioni.

Kozi ilikuwa ya mwaka mzima. Lakini mwalimu, kwa kutaka kutuchangamsha, alitangaza kwamba mkulima atakayeshona suti ya kiume ikasimama kabla ya mwaka kwisha, atapewa cheti na kurudishiwa gunia moja. Wengine walisikia gunia. Mimi nilisikia nyumbani.

Toka siku ile sikutulia. Nilikula nimesimama. Honi ya lori lolote ikilia nilichungulia dirishani kama ni la kwenda kwetu. Hata usingizini mguu wangu ulikanyaga cherehani, mpaka mwenzangu wa kitanda akahamia sakafuni. Binti mmoja wa wafugaji, aliyekaa cherehani cha jirani, alinichoka.

"Kaka, kwenu umeacha nini? Mke?"

"Nimemwacha mama."

"Na ndevu zote hizo!"

Darasa zima likaangua kicheko. Ila mbio zangu ziliambukiza. Vijana wawili wa bonde letu nao wakaanza kukimbia, na kwa kuwa mikono ya koti ilinishinda (wa kushoto niliuweka kulia mara nyingi kuliko ninavyopenda kusema), wakanipita. Wakabeba magunia yao, wakapanda lori wakiimba.

Baadaye kidogo suti yangu nayo ikapita. Mwalimu aliigeuza huku na huku, akavuta mabega ya koti.

"Itamfaa mtu asiyegeuka," akasema. Akanipa cheti, akanifungulia stoo.

Nilitegemea kukuta rundo. Yalikuwepo magunia mawili tu, moja limeshafunguliwa na kulegea. Mengine yalikuwa yameuzwa kulipia pango la nyumba, na mavuno yalikuwa bado mbali. Alipotoa ahadi ile, mwalimu hakufikiria kama kweli kuna atakayemaliza mapema.

"Mwalimu, sasa hawa utawalisha nini?"

"Hiyo ni shida yangu. Nilisema nitakupa. Chukua."

Binti yule alikuwa mlangoni, siku hiyo zamu yake ya kupika. Akaninyooshea mwiko.

"Chukua na huu kabisa, kaka. Hatutauhitaji."

Nikalivuta gunia mpaka mlangoni. Nikalirudisha. Nikalivuta tena. Huko nje lori linapiga honi. Mwisho nikaliacha palepale nikakimbia na suti begani, kabla akili hazijanirudia.

Nyumbani mama alipiga vigelegele. Baba alilizunguka lori lote.

"Gunia liko wapi?"

Nikamweleza yote. Alisikiliza kwa makini hadi nikaanza kudhani ameguswa.

"Kwa hiyo sasa hivi wanalila?"

"Wanalila, baba."

"Watoto wa watu wanakula mpunga wangu kule, na wa kwangu amekuja kunimalizia uliobaki hapa." Akaniangalia kama anayeangalia panya ghalani. "Rudi ukalile."

"Baba, mimi nimeshamaliza! Cheti hiki hapa."

"Umemaliza kushona. Kula hujamaliza."

Mama akaenda kunitandikia. Nililala pale usiku mmoja, kwenye kitanda changu mwenyewe, nikijigeuza kama chapati. Asubuhi lori ni lilelile. Utingo akaniuliza nimesahau nini mjini.

Nikawaeleza alichosema baba, na mwalimu hata hakushangaa. Alinirundikia mashati ya darasa zima nitoboe matundu ya vifungo, maana mtu aliyemaliza masomo hana udhuru. Mchana binti yule akanipakulia wali, akakaa mbele yangu ananitazama.

"Kula haraka, kaka, gunia liishe urudi kwa mama."

Nikala haraka. Nikamwomba aniongeze.