Luneti za Bunduki ku Baraza ya Serikali

Bwana wangu alikufa mapema, hata nywele nyeupe hakuona. Siku ya kumaliza kilio, shemeji wangu, ndugu ya marehemu, akasimama mu lupango, katikati ya uwanja ya nyumba yetu, akavuta suruali juu ya tumbo, akasema na ile sauti yake ya mutu anayekula ugali ya moto: "Hhh, muke ya ndugu yangu, hhh, atakuja kwangu ku Masisi. Nyumba iko, shamba iko, hhh, na bibi yangu mukubwa atamuonyesha kazi."

Hakuniuliza. Aliambia wazee, na wazee wakatikisa kichwa kama mbuzi wenye wanakunywa maji. Miye nikasema mbele ya wote: nitabaki Goma. Siku nitakosa cha kula, njo mutaniona ku mulima wenu.

Shemeji akacheka. "Sawa, hhh. Njaa ikikuchosha tutakuja kukubeba."

Basi mujue vile ilikuwa. Nikianguka mu biashara, naenda kupikia bibi mukubwa wa shemeji mpaka nife. Ule mama nilimujua. Alikuwaka anaonja mboga yako, anafunga macho, anasema polepole: "Chumvi ulinunua wapi, ku duka ama ku makaburi?"

Nilikuwaka nauza vitu vya zamani ku soko ya Birere. Kufuli bila funguo, funguo bila kufuli, taa, masufuria ya kutoboka. Ile miaka wazungu wa kahawa walinyanganywa mashamba, serikali ikazigawia raia wake wakubwa. Mumoja kati yao, mwenye abacost, ile koti ya wakubwa isiyo na tai, ya kunyooshwa vizuri, alipewa shamba ku njia ya Sake na nyumba yenye vitu vyote ndani. Alitaka viti vipya tu. Vya muzungu akavitupa ku baraza, akaita sisi watu wa vitu vya zamani tuchague.

Bunduki za kuwinda za ule muzungu zilikuwa zimekwisha kukamatwa na askari. Lakini luneti zake zilibaki mu kasanduku, zimelala ndani ya nguo laini kama watoto wa paka. Luneti ni ile bomba yenye kioo huku na huku, wazungu wanaifungaka juu ya bunduki ili nyama ya mbali ionekane karibu. Hapo muzungu alikuwa na zake za kubadilisha, na za baba yake, na za rafiki zake wenye walirudi kwao. Nikaangalia ndani, nikaona jani ya muti yenye iko kule mbali, na mududu juu yake anakula. Nikasema hizi sitaziacha.

Nilitoa nini? Kitanda ya chuma. Kitanda ya ndoa yangu. Mwenye abacost akaiweka mu chumba ya walinzi, miye nikaanza kulala ku mukeka. Habari ikafika ku Masisi mbio kuliko motokari, na shemeji akatuma salamu: "Mwambie, hhh, mukeka hata kwangu iko."

Kwanza hakuna mutu aliyenunua. Mama wa sambaza, samaki kidogo za ziwa, mwenye alikaa kando yangu alikuwa na mudomo kama redio, akanitangazia soko nzima: "Mukuje, mukuje, mama yetu anauza mirija ya chuma ya kunywea pombe ya kasiksi. Mulevi anakaa kwake, anakunywa kwa jirani." Watu wakacheka, na miye nikacheka, juu ya nilikuwa na njaa na kucheka ni bure.

Halafu akakuja mutu wa ngombe. Alitoka ku vilima vya Masisi kuuza fromaji, maziwa ya kugandishwa. Hawa watu wanasema pole, unaweza kwenda kuteka maji na kurudi, ukute neno ingali mu kinywa. "Mama," akasema. Nikangoja. "Hii... inaona ngombe?"

"Inaona mpaka kupe yake, papa."

Akaangalia luneti, akairudisha. "Sisi hatununuake jicho... bila kuona nayo ngombe."

Njo nikajifunza desturi yao. Wanakuya wawili. Mumoja anaangalia ngombe ya mbali ndani ya luneti, anasema kwa sauti: ni dume ama jike, rangi gani, pembe gani, iko na mimba ama haina. Wa pili anachukua luneti, anaangalia ile ile, na yeye anasema. Wakisema sawasawa, wananunua. Wakihitilafiana, wanaiacha, wanaenda wakigombana mpaka kwao. Na sababu wanaitafuta ni hii: ngombe ikiruka ku shamba ya wenyewe, ku kilima ingine, mutu aijue kama ni yake kabla ya kushuka bonde na kupanda tena.

Sasa, mu soko ya Birere ngombe ilikuwa ile ya kukatwakatwa. Nikawa nawapeleka pembeni, ku kichuguu ya mawe meusi ya volkano, kwenye vilima vya ngambo ya mupaka, upande wa Gisenyi, vinaonekana. Ngombe za watu wa kule zinakula majani hazijui kama zinaniuzishia. Nikauza moja, nikauza ingine. Mama wa sambaza akarudi kutangaza samaki zake.

Njo ajenti wa biro ya zone, serikali ya wilaya yetu, akakuja. Kijana wa viatu vya kungaa, sauti yake yote inapita mu pua. "Citoyenne, hii ni nini?"

"Luneti, papa."

"Hakuna papa hapa. Niko citoyen, raia. Na hii ni kipande ya bunduki."

Nikachukua kuku ya jirani, nikaiweka mbele yake juu ya meza. "Citoyen, kama ni bunduki, piga hii kuku nayo. Ikikufa, nifunge. Kuku nitailipa."

Soko ikacheka, na yeye akachukua luneti kwa hasira, akaangalia ndani. Akageukia huku, akageukia kule, akaelekeza ku picha ya Rais, mukubwa wa inchi, yenye ilitundikwa ku mulango wa duka. Akaishusha pole.

"Citoyenne. Ndani kuna musalaba."

Ni kweli, ndani ya kioo kuna mistari miwili, moja inasimama, moja inalala, ya kumusaidia muwindaji. Lakini ile miaka serikali ilikuwa inaondoa misalaba ku mashule na mabiro, hata majina yetu ya padri walituvua. Sasa ajenti ameona musalaba juu ya uso wa mukubwa, akaogopa ni yeye ameuweka.

"Unauza misalaba ya kujificha," akasema na ile pua.

"Miye njo walinibatiza," nikamujibu. "Luneti haikubatizwaka."

Akanipeleka ku biro, miye mbele na kasanduku ku kichwa. Mukubwa wa zone hakuwako, alikuwa amepanda ndege ya Kinshasa. Ajenti akanionyesha sementi ya baraza. "Utakaa hapa. Asubuhi unakuya, jioni unaenda kulala. Usiache hii baraza mpaka mukubwa arudi."

Nikakaa. Nikafungua kasanduku ili nipanguse vioo, na kuinua macho, nikaona nini? Ile biro ilijengwa juu, hakuna muti, hakuna nyumba mbele. Vilima vyote vya ngambo viko wazi, na ngombe zao kama mahindi juu ya kitambaa.

Watu wa ngombe wakaniulizia ku soko, mama wa sambaza akawaambia: "Amehamia kwa serikali." Wakakuja wawili wawili, wakasimama ku baraza na fimbo zao, wanaangalia, wanasema mimba, wanasema pembe. Ajenti akatoka ndani mbio.

"Citoyenne, hapa ni biro ya serikali, si soko."

"Niende?"

"Hapana. Usiende."

"Basi niko."

Akaingia, akatoka, akaingia. Siku ingine wawili wakagombana juu ya jike nyeusi ya ngambo. Mumoja, "Iko... na mimba." Mwingine, "Ile ni... kushiba." Wakawa karibu kuniachia luneti yangu. Ajenti akashindwa kuvumilia, akawanyanganya, akaangalia sana. Na pua ikafunguka, akasema na sauti ya kwao, ya mutoto mwenye alichunga ngombe: "Iko na mimba, bana. Angalia vile inaweka mguu wa nyuma." Wakanunua. Toka ile siku musalaba hakuutaja tena, lakini citoyenne aliniita vile vile, na ruhusa ya kwenda hakunipa.

Shemeji akasikia kama serikali imenikamata. Akashuka na bibi yake mukubwa, na kamba ya kufungia vitu vyangu. Akapanda baraza, akavua kofia mbele ya ajenti. "Citoyen, hhh, huyu ni muke yetu. Hajui kusoma, hana mutu hapa Goma. Tumekuja, hhh, kumutoa mu taabu. Tunaenda naye, vitu vyake mubaki navyo, tunaomba radhi."

Ajenti akaniangalia. Akaangalia kasanduku. Nikaona vile anafikiri: mama anaenda, luneti zinabaki, mukubwa akirudi hakuna wa kumueleza. Akafungua kinywa. "Sawa, mumu..."

"Citoyen," nikamukata, na nikaichukua pua yake yeye mwenyewe, nikasema nayo: "Usiache hii baraza mpaka mukubwa arudi."

Watu wa ngombe wakacheka, hata wao kwa pole.

"Mukubwa amerudi?" nikauliza.

Ajenti akageukia watu wa ngombe. Wawili walikuwa wameshikilia luneti wanangoja atoe hukumu yake juu ya dume moja ya madoa. "Hajarudi," akasema.

"Basi sitoki. Hata ukinisukuma."

Shemeji akaanza kuhema. Nikamupa luneti muzuri sana, nikamugeuzia uso upande wa Masisi, kule kwenye vilima vinakuwa bluu vinakwisha. "Angalia kwako, shemeji. Unaona?"

"Sioni kitu, hhh. Ni mbali."

"Njo vile."

Bibi mukubwa akanyoosha mukono, na yeye akaangalia, si Masisi, aliangalia ngombe za ngambo. Akakaa nayo sana. "Ile nyeusi imekaribia kuzaa," akasema, na sauti yake ile siku haikuwa na makaburi ndani.

"Ukitaka kununua hii luneti, iko," nikamuambia. "Shemeji anajua bei: unatoa kitanda, unabaki na mukeka."

Walishuka na kamba yao vile vile, imekunjwa. Mukubwa wa zone alirudi kisha. Alipita kando yangu akasema, "Bonjour, mama," akaingia. Alifikiri niko mufanyakazi wa pale, na ajenti akamuacha afikiri vile. Nilibaki pale mpaka luneti ya mwisho, na ile ya mwisho sikuiuza.