Waya chini ya kiti: Mama Kagua na darasa la trekta

Saa mbili kasorobo asubuhi, siku ya Jumamosi, Mama Kagua anaingia kwenye kitalu cha miche na, kabla hajamsalimia mtu, anainua kiti cha trekta dogo la kukatia nyasi na kuchungulia chini yake. Anapitisha kidole. Anakinusa. Ndipo anageuka.

"Hamjambo?" anauliza, kwa sauti ya mtu ambaye hatashangaa akidanganywa.

Watoto kumi na mmoja wamekaa juu ya makreti yaliyopinduliwa. "Hatujambo," wanajibu, kila mmoja akimtupia mwenzake jicho kwanza.

Leo haendeshi mtu. Ikifika saa sita mchana, msimamizi wa kitalu anataka kumjua aliyechezea swichi ya trekta. Asipojulikana, darasa la Jumamosi linafungwa moja kwa moja.

Mama Kagua ni fundi wa mashine za bustani. Ana miaka hamsini na minne, na ishirini na miwili kati ya hiyo ameimaliza akiwa chali chini ya mashine za watu. Jina lake halisi analijua karani wa mishahara peke yake. Hili la Kagua alipewa na wafanyakazi wenzake, kwa sababu hapokei spana bila kuigeuza wala hanywi chai bila kuangalia kitako cha kikombe. Hata mwandishi wa habari hii alipojitambulisha, aliombwa kitambulisho mara mbili, mara ya pili "ili tuone kama picha haijabadilika."

Darasa lenyewe lilizaliwa na balaa. Miaka mitatu iliyopita, mtoto wa mfanyakazi mmoja alilipanda trekta kwa siri wakati wa mapumziko. Visu vya kukatia nyasi vilikuwa bado vimefungwa chini yake. Mtoto alipoteza vidole viwili vya mguu.

"Mimi ndiye niliyemfunga mguu kwa aproni yangu," anasema Mama Kagua, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii macho yake hayamkagui mtu. "Watoto wa hapa wamekua wakisikia injini. Ukiwakataza, wataiba ufunguo. Nikasema basi, bora waendeshe mbele ya macho yangu."

Masharti yake ni makali. Mwanafunzi awe na miaka kumi au zaidi. Visu vinafunguliwa na kufungiwa stoo kabla mtoto hajasogea. Gia ni ya kwanza tu, mwendo ambao kuku akiamua anaupita. Ufunguo unalala shingoni mwa mwalimu.

Pamoja na hayo yote, vituko havikosi. Yuko mvulana aliyekata usukani kulia wakati akili imeamua kushoto, akaingia mzimamzima kwenye ua wa michongoma na kutolewa kwa ngazi. Yuko binti aliyerudi nyuma hadi kwenye kamba ya nguo, akaondoka na suruali ya mlinzi na kuitembeza kitalu kizima. Na wako ndugu wawili waliokwama kwenye tope la bwawa, kila mmoja akiapa kwamba aliyeshika usukani ni mwenzake.

"Hao wawili mpaka leo sijawaamini," anasema. "Trekta lina kiti kimoja."

Yaliyotokea wiki mbili zilizopita hayachekeshi. Siku hiyo aliyekuwa kwenye usukani ni mjukuu wake mwenyewe, binti wa miaka kumi na mmoja ambaye wenzake wanamwita Unyoya. Ana kilo ishirini na sita, viatu vikiwemo.

Wepesi huo una taabu yake. Chini ya kiti cha trekta kuna swichi yenye springi. Dereva akikaa, uzito wake unaibonyeza na injini inaendelea kunguruma. Akinyanyuka au akianguka, swichi inaachia na injini inazima papo hapo. Unyoya alikuwa akirushwa kidogo tu na bonde, swichi inamhesabu kwamba hayupo. Kuna Jumamosi trekta lilimzimikia mara tisa, na wenzake wakawa wanahesabu kwa sauti.

Lakini siku ya balaa halikuzima hata mara moja. "Nilijiuliza, huyu leo amekula nini?" anakumbuka bibi yake. "Halafu nikafurahi, mjinga mimi. Nikajua amenenepa."

Mzunguko wa tatu, gurudumu la mbele likadumbukia shimoni. Unyoya akateleza na kuanguka ubavuni, akachubuka kiwiko. Trekta halikumngoja. Likaendelea peke yake, likapasua wavu, likapita juu ya miche mia tatu na arobaini na kusimamishwa na ukuta wa stoo, magurudumu yakiwa bado yanachimba.

Mama Kagua alipoinua kiti, alikuta kipande cha waya wa njano kimeunganishwa pale penye swichi. Kwa waya huo, injini ilidhani kuna mtu ameketi wakati wote.

"Damu ilinikauka," anasema. "Angeangukia mbele, lingempanda. Tusingekuwa tunaongea hapa."

Tangu siku hiyo hali chakula vizuri. Waya ule ulikatwa kutoka kwenye roli lake mwenyewe la karakana, na karakana inafungwa. Kwa hiyo alianza na mlinzi, mzee mpole aliye na ufunguo wa akiba, na ambaye ana kinyongo cha suruali. Akahamia kwa dereva wa lori, waliyegombana naye mwezi uliopita juu ya pampu ya grisi. Siku tatu nzima aliwatazama mikono wote wawili, akitafuta mkwaruzo.

"Hata msimamizi nilimshuku," ananong'ona. "Siku ile alifika haraka mno."

Na watoto? "Hawa wanaogopa hata kugusa betri." Na mjukuu? Anamtazama mwandishi kana kwamba ndiye mshukiwa mpya. "Aliyeanguka? Nani anayejitegea mtego mwenyewe?"

Saa sita kasoro dakika kumi, msimamizi anakuja akiwa na faili kwapani. Ni mtu wa maneno machache, na leo amekuja na machache zaidi.

"Mama, umempata?"

"Bado. Lakini nataka uone namna alivyofanya, ujue kwamba si kazi ya mtoto. Hii ni kazi ya mtu mzima mwenye nia mbaya."

Anatoa kipande kipya cha waya mfukoni, anainua kiti, anainama. Miwani inamteleza puani. Vidole vyake vinene vinapapasa plagi ya swichi na haitoki. Anavuta, anasonya, anavuta tena. Wazazi wawili watatu wamesogea. Mlinzi naye amesimama kando, mikono nyuma, amenuna.

"Siyo hivyo, bibi," inasema sauti ndogo. Unyoya ameacha kreti lake na kusogea, kama anavyosogea kila siku akitoka shule, kumsaidia bibi yake mahali ambapo macho hayafiki. "Bonyeza kile kibanio cha pembeni kwanza ndiyo uvute. Si ndivyo unavyofanyaga siku zote?"

Hakuna anayecheka. Mtoto mwenyewe anasikia alichokisema, na mkono wake unabaki hewani.

Mama Kagua hainuki mara moja. Anapoinuka, uso umemshuka. Kweli ndivyo anavyofanya siku zote. Akiwa peke yake karakana na anataka kuisikiliza injini, hana wa kumkalisha kitini, basi anaunganisha waya, anasikiliza, anautoa. Amefanya hivyo miaka ishirini na miwili. Miaka minne ya mwisho, mjukuu wake amekuwa akikaa juu ya ndoo pembeni, akimshikia tochi.

"Ni wewe?" anauliza.

"Lilikuwa linanizimikia, bibi." Machozi yameanza. "Walikuwa wananihesabia. Nilitaka nizunguke mara moja tu bila kuhesabiwa. Nikajua haina ubaya, kwa sababu wewe unauweka waya huo."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unamsema mlinzi. Kisha ukawa unamsema dereva. Nikaogopa zamu yangu ikifika."

Mama Kagua anaona haya, na hafichi. Anamvuta mtoto kifuani, kisha anamgeukia msimamizi.

"Andika. Aliyeunganisha ni mjukuu wangu. Aliyemfundisha ni mimi."

Msimamizi anafungua faili, anaifunga. Anasema atatoa jibu Jumatatu, baada ya kuongea na wenye kitalu. Anasema pia, akiwa ameshaanza kuondoka, kwamba alikuwa amejiandaa kwa jina la mtu mwingine kabisa. Hasemi ni la nani, na Mama Kagua, ambaye siku nyingine asingelala bila kulijua, haulizi.

Badala yake anamfuata mlinzi.

"Mzee wangu, nisamehe. Nimekukosea."

"Ulinishuku kwa lipi?" anauliza mlinzi, bado amenuna.

"Ulikuwa karibu na ufunguo."

"Na mjukuu wako?"

"Alikuwa karibu na mimi," anajibu. "Sikutazama huko."

Mlinzi anakuna kidevu, kisha anamwambia kwamba suruali ameisamehe, lakini hili la kushukiwa ampe siku kadhaa.

Alasiri, watoto wakiwa wameshaondoka, Mama Kagua anaifungua swichi yote na kuitandaza juu ya gunia. Mpango wake anaueleza huku akifanya kazi. Ataweka springi laini, inayomkubali mtu wa kilo ishirini na tano. Ataifunika kwa bati na skrubu nne. Waya wa kujaribia injini hautaingia tena karakana. Akitaka kuisikiliza, atamwita mtu mzima akae kitini, hata kama ni dereva wa lori, na hata kama itabidi ambembeleze.

"Jumatatu wakisema hapana, Jumatano nitarudi kuwaomba tena," anasema. "Darasa likifa, watoto hawataacha trekta. Wataacha kunionyesha tu."

Anafunga skrubu ya mwisho na kumwita mjukuu wake. Unyoya anatikisa kichwa. Anasema hataki, litamuua.

"Halitembei. Gia sijatia. Panda, mimi nimelishika hapa."

Mtoto anapanda polepole. Ufunguo unazungushwa, injini inawaka. Anajitikisa kidogo kitini, kulia, kushoto, na bado inanguruma. Tabasamu linamtoka bila idhini yake.

"Sasa shuka," anasema bibi.

"Itazima."

"Shuka nikuone."

Unyoya anajiinua, na kabla mguu wake haujagusa nyasi, injini imenyamaza. Mama Kagua anashusha pumzi aliyokuwa ameizuia kwa wiki mbili.

"Moja," anahesabu kwa sauti. "Panda tena, mwanangu. Leo nataka inizimikie mara mia."