Bobi Kwenye Mzani wa Pamba

Wenzangu tuliokulia Mwandoya enzi zile kila nyumba ina zizi, hebu kumbukeni mbwa wetu walikula nini. Ukoko wa ugali na maji ya dagaa, basi. Na hawakugusa kitu mpaka ng'ombe warudi. Sisi tulikuwa na Askari, mbwa mwekundu mwenye sikio lililochanwa na fisi. Jioni alikuja nyuma ya ng'ombe, vumbi hadi kwenye kope, akasimama mlangoni pa jiko. Mama alisubiri baba afunge zizi, ndipo aite, "Ng'ombe wameingia, mbwa ale!" Sisi watoto tulikimbilia kunawa mikono, maana baada ya Askari ni zamu yetu.

Msimu wa pamba tulining'inia kwenye ndoano ya mzani tujue nani mzito. Baba alifoka, "Shukeni, huo mzani si bembea!" Wazito tungetoka wapi, jamani, na mbavu zile?

Sasa njooni kwangu Bariadi mjini mwone maajabu. Binti yangu Neema alihamia nyumba isiyotaka mbwa huko Dar, akatuletea Bobi, kambwa keupe kadogo kenye sweta na kitanda chake. Mimi nimelalia ngozi ya ng'ombe mpaka darasa la saba! Mama, ninayeishi naye tangu baba afariki, alimpenda siku hiyohiyo. Bobi akalala miguuni pake, akanenepa mpaka shingo ikapotea.

Siku moja akaanguka kizingitini, ulimi nje, anahema. Bwana mifugo akasema moyo wake unaelemewa, asipopungua hatutakaa naye siku nyingi. Mama akaketi chini palepale, akampakata. Tangu msiba wa baba sikuwahi kumwona ameogopa vile, na mimi nikaogopa kwa ajili yake.

Nikaanza kumpikia Bobi mwenyewe: minofu ya sato bila chumvi, boga la kuchemsha, kaugali ka tonge moja. Nikaazima mzani wa pamba kwa jirani, tukamtia kwenye kiroba kichwa kikiwa nje, tukamning'iniza kwenye boriti. Majirani walicheka hadi machozi. Wiki tatu baadaye tukampima tena. Ameongezeka!

Nikaanza kuvizia. Asubuhi moja nikamkuta mama nyuma ya jiko amefungua pindo la kitenge, Bobi anatafuna matobolwa, vile viazi vyetu vikavu vya kuchemsha.

"Mayu!"

"Sasa nifanyeje?" akasema bila hata aibu. "Huyu ni mgeni, katoka Dar. Ashinde njaa kwangu, watu watasemaje?"

Kumfokea sikuweza, ni mama yangu. Nikamuuliza tu, "Mayu, Askari alikuwa anakula saa ngapi?"

Akafunga pindo la kitenge. "Askari alikuwa na kazi," akajibu.

"Basi na huyu mpe kazi."

Kesho yake jioni mama akashika fimbo yake, akatoka na Bobi mpaka kwenye majaruba ya mpunga. Siku za kwanza nilimbeba mimi kurudi. Baadaye akarudi kwa miguu yake, halafu akawa anatangulia, na mzani nao ukakubali. Neema alipomwona kwenye simu akapiga kelele, "Bibi! Mmemkondesha mwanangu!" Mama akamjibu, "Anakimbia sasa. Wewe je, unaweza?"

Ng'ombe hatuna tena. Zizi la Mwandoya limebaki miiba, na wajukuu wa baba hawajui hata kukamua. Lakini kila jioni mama akirudi na Bobi, hamwekei chakula kwanza. Anasimama mlangoni pa jiko, anautazama uwanja wetu usio na hata mbuzi, kisha anaita kwa sauti ileile, "Ng'ombe wameingia, mbwa ale!"

Na mimi, na mvi zangu hizi, nainuka kwenda kunawa mikono.